Nani Huamua Gugu Lipi Ni Adui? Somo Kutoka Baringo

Juzi kijana mmoja aliniuliza, "Afisa, gugu hili linatumaliza. Mbona serikali hailitangazi kuwa haribifu?" Nikamjibu: serikali haiamki tu asubuhi ikatangaza. Husukumwa. Tuangalie mathenge.

Mti huu asili yake ni bara la Amerika. Baringo ulipandwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni. Nia ilikuwa nzuri. Lakini mbuzi wakila maganda yake matamu, mbegu hutoka na samadi na kuota kila mahali. Malisho ya Wailchamus karibu na Ziwa Baringo yakafungwa na vichaka vya miiba. Meno ya mbuzi yakaoza na kung'oka.

Walilalamika miaka mingi. Mwaka 2006 wakaishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno akafikishwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Watu walicheka, lakini habari ilienea nchi nzima. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa kuwa gugu haribifu. Zaidi ya miaka 20 baada ya kupandwa!

Sasa sikilizeni upande wa pili. Kuna wanaochoma makaa ya mathenge, wanaouza nguzo, na wanaosaga maganda kuwa chakula cha mifugo. Hao nao wana watoto wa kulisha, na wanasema: tuutumie, tusiumalize. Ndiyo maana hata baada ya tangazo, mjadala haukuisha.

Afrika Kusini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Wafugaji wengine walipenda kivuli na maganda ya miti ya jamii hiyo. Kwa hiyo mwaka 1987 wataalamu walipoanza kuachilia wadudu wa kuudhibiti, walichagua mbawakavu wanaokula mbegu tu. Mti wenyewe haukuguswa, ukaendelea kuenea. Hapo mnaona: wanaofaidika na mmea wanaweza kuamua hata mdudu yupi ataruhusiwa.

Somo kwetu ni hili:

1. Wekeni rekodi. Pigeni picha kila msimu, andikeni ekari mlizopoteza na pesa za vibarua wa kung'oa. Yule mbuzi alikuwa na nguvu kwa sababu alionekana kwa macho.

2. Nendeni kama kikundi. Mkulima mmoja akilalamika ni kelele. Ushirika ukiandika barua kwa kaunti, ni vigumu kuipuuza.

3. Zungumzeni mapema na wanaofaidika na mmea. Mkiwapuuza, mtakutana nao ofisini kwa mheshimiwa, na huenda wametangulia.

4. Jueni mnachoomba. Chini ya Sheria ya Magugu Haribifu, Sura 325, gugu likishatangazwa, kuling'oa ni wajibu wa mwenye shamba. Si serikali itakayokuja na jembe. Kwa hiyo msiombe tangazo peke yake. Ombeni na msaada wa kung'oa.

Na kama kuna mche mgeni shambani leo, usingoje gazeti la serikali. Ung'oe ukiwa bado unang'oleka kwa mkono. Baringo walingoja sheria miaka 20, na mathenge haukungoja.