Nafasi za Ubeti Zisipotee: Kuhariri Tendi za Faza katika Hifadhidata ya XML

Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Katika miswada ya Kisiwa cha Pate iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi ubeti mzima hukaa kwenye mstari mmoja, vipande vikitengwa kwa pengo au alama. Ukiuingiza utenzi wa Faza, mji wa kisiwa hicho, katika hifadhidata ya XML, kisha ukasahihisha neno moja la Kitikuu, lahaja ya huko, unaweza kukuta vipande vimegandana na majina mawili yamekuwa neno moja. Programu imetupa nafasi ilizodhani hazina maana. Zuia hasara hiyo hivi:

1. Muundo uubebe kwa tagi. Mfumo wa TEI, unaotumiwa sana kuhifadhi miswada, una lg kwa ubeti na l kwa kila kipande. Hapo hata nafasi ikipotea, vipande bado vinajulikana.

2. Pale ambapo nafasi yenyewe ni sehemu ya mswada, tia xml:space="preserve" kwenye elementi husika. Sifa hii imo katika XML tangu 1998. Lakini ni ombi tu, na si kila programu hulitii.

3. Kagua mipangilio ya hifadhidata yako kabla ya kuingiza hati. SQL Server hutupa nafasi tupu zilizo kati ya tagi, isipokuwa utumie CONVERT yenye mtindo namba 1. Kwa DB2, andika PRESERVE WHITESPACE ndani ya XMLPARSE. BaseX za kabla ya toleo la 10 hukata nafasi bila kuambiwa, kwa hiyo zima CHOP. Nafasi iliyotupwa wakati wa kuingiza hairudishwi kwa amri yoyote. Itabidi uipakie upya hati ya asili.

4. Unaposahihisha, gusa neno, usiubadilishe ubeti mzima. Kwa lugha ya XQuery, elekeza replace value of node kwenye text() yenyewe. Ukiielekeza kwenye elementi, tagi zote zilizomo ndani yake zitafutika. Ukilazimika kuunda elementi mpya, anza na declare boundary-space preserve, kwa sababu bila hiyo nafasi zilizo kati ya tagi ulizoandika huenda zikaachwa.

5. Unapoitoa hati, weka indent kuwa no. Programu inayojipangia mistari huongeza nafasi ambazo mwandishi wa mswada hakuziweka.

6. Linganisha faili la kabla na la baada. Tofauti iwe ni neno ulilosahihisha, basi. Ikizidi hapo, rudi hatua ya tatu.

Usianze kazi yoyote kabla hujaweka kando nakala ya faili la asili pamoja na picha za kurasa za mswada. Utenzi ni mali ya waliouhifadhi kwa vizazi. Aliyekabidhiwa kuuhariri hana ruhusa ya kuupunguza, hata kwa nafasi moja.