Kazi ya Mstari na Kazi ya Kikundi

Zamani mhunzi wa kijijini alifua jembe tangu mwanzo hadi mwisho. Aliijua kazi yote. Lakini majembe yalikuwa machache.

Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Ford, huko Marekani, kilianza kazi ya mstari. Gari lilivutwa polepole mbele ya wafanyakazi. Kila mmoja alifunga kitu kimoja tu. Chesisi iliyochukua zaidi ya saa 12 kuunganishwa, sasa ilichukua kama saa moja na nusu. Lakini watu walichoka kurudia jambo moja kutwa. Wengi waliacha kazi.

Mwaka 1974 kampuni ya Volvo ilijaribu njia nyingine mjini Kalmar, nchini Uswidi. Kikundi cha watu 15 hadi 20 kilipewa sehemu nzima ya gari, kwa mfano nyaya za umeme. Wenyewe walipangana na kubadilishana kazi. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1994, lakini njia yake inaweza kutufaa.

Sisi je? Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973. Linahudumia mafundi wadogo, pamoja na wa Mbeya na Iringa. Karakana ndogo nayo lazima ipange kazi.

Tuchukue mfano. Watu 6 wanatengeneza mashine za kupukuchulia mahindi. Wawili wanakata chuma. Wawili wanachomelea. Wawili wanafunga na kupaka rangi. Kila mtu anajua kazi yake tu. Siku moja wachomeleaji wote wawili wamekwenda msibani. Kazi yote imesimama. Mkulima aliyekwisha kulipa anangoja, na mahindi yake yanabunguliwa ghalani.

Kikundi kifanye nini?

1. Kila mtu ajifunze kazi mbili au zaidi. Wabadilishane kila juma.
2. Pawe na akiba ya vipande. Mkataji akichelewa, mchomeleaji asikae bure.
3. Kikundi chenyewe kikague kila mashine kabla ya kuiuza.
4. Wote wajue bei ya chuma, gharama na faida.

Kujifunza kuna gharama. Mwanzoni kazi itakwenda polepole, na vipande vingine vitaharibika. Tena kuchomelea kuna hatari kwa macho. Asiyefundishwa asiguse mashine, na anayejifunza avae kinga ya macho.

Kazi ya mstari hutoa vitu vingi upesi. Lakini kikundi kidogo hakina watu wa akiba. Akiba yake ni ujuzi wa kila mwanakikundi.

Maswali

1. Kwa nini wafanyakazi wengi wa Ford waliacha kazi?
2. Kikundi cha Kalmar kilipewa kazi gani, kwa mfano?
3. Katika kikundi chenu, ni kazi gani inayojulikana na mtu mmoja tu? Nani atajifunza kwake?