Msimbo wa Mwanagenzi ni Mali ya Nani?

Kila likizo ndefu ya vyuo, vijana wa Kiserian, Rongai na Kitengela wanaosomea uhandisi wa programu huhangaika kutafuta pahali pa kufanyia atachimenti, yaani mafunzo ya kazini. Wapo wanaodamka kuwahi matatu za Barabara ya Magadi kwenda Nairobi, na wapo wanaofanyia kazi nyumbani kwa laptopu yao wenyewe na bando la kujinunulia. Barua wanayopewa huwa fupi: karibu kwetu, miezi mitatu, hakuna malipo kwa kuwa wewe bado ni mwanafunzi. Muda ukiisha na kijana ameacha programu inayofanya kazi, lugha hugeuka. Sasa anaambiwa kila alichoandika ni cha kampuni, maana alikuwa mfanyakazi wao. Mshika mbili moja humponyoka, na sheria ya Kenya inakubaliana na wahenga hapa: kama ulikuwa mfanyakazi, una chako cha kudai, kama hukuwa, msimbo wako hauhami kwa maneno ya mdomo.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na mwandishi hulindwa hata kabla ya kusajili chochote. Kifungu cha 31 kinataja hali mbili ambazo haki hiyo huhamia kwa mwingine, ila mkikubaliana vinginevyo: pale mwajiriwa anapoiandika akitekeleza kazi yake chini ya mkataba wa ajira, au pale mtu asiye mwajiri wako anapokuagiza uifanye. Nje ya hapo, kifungu cha 33 kinataka hati iliyotiwa saini na anayetoa haki yake. Sasa isome pamoja na Sheria ya Ajira ya 2007, ambayo kwayo mfanyakazi ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, wakiwemo wanaojifunza kazi kwa mkataba rasmi wa uanagenzi. Kampuni iliyokuandikia kwamba hapana ajira wala mshahara imejifungia yenyewe mlango wa kwanza.

Tuseme umeunda mfumo wa kukusanya kodi ya nyumba za ploti Kitengela: mpangaji anapata ombi la M-Pesa kwenye simu, anaweka PIN, na mwenye ploti anaona papo hapo nani amelipa na nani ana deni. Ukiulizwa ulikuwa nani katika kazi hiyo, jibu halitoki kwenye jina lililo juu ya barua peke yake. Hutazamwa nani alikupangia saa, nani alikusimamia, na kama kazi yako ilikuwa sehemu ya biashara yenyewe. Aprili 17, 2024, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilikosea kuwachukua kama wanagenzi walimu ambao tayari walikuwa wamehitimu na kusajiliwa. TSC ilikata rufaa, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu si mwalimu aliyehitimu. Hata hivyo, kwa maoni yangu, aliyekwisha kufuzu na bado anaitwa mwanagenzi mwaka mzima, huku akihudumia wateja kama wenzake wenye mishahara, ana hoja nzito ya kuitwa mfanyakazi. Ndiyo maana daftari la atachimenti ni ushahidi, si karatasi ya kumridhisha mhadhiri tu. “Nimejifunza malipo ya simu” haikusaidii kitu. “Nimeandika sehemu ya kupokea malipo, imeanza kutumiwa na mteja Jumatano,” na saini ya msimamizi kando yake, inakusaidia sana.

Wakili wa kampuni atakimbilia mlango wa pili na kusema kazi iliagizwa. Hii ndiyo pingamizi yenye uzito, na sitajifanya kwamba daima itashindwa. Lakini anayeagiza kazi kwa fundi huulizwa bei, na kampuni inayodai iliagiza mfumo mzima imekiri kwamba haikuwa ikikufunza tu. Kusema kwamba laptopu ilikuwa yao ni hoja dhaifu zaidi, kwa sababu sheria inamtafuta mwandishi na mkataba wake. Chombo hakimpi mtu hakimiliki. Wengine huonya kwamba vijana wakianza kudai haki, milango itafungwa. Sioni kwa nini karatasi moja inayoeleza nani anamiliki nini imtishe mwajiri mwaminifu. Tena waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, pesa zinazokwenda kwa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, kwa ajili ya mafunzo ya kazi. Kufunza vijana hakukuwahi kuwa jambo la hisani tupu.

Kwa hiyo soma barua kabla ya kutia saini. Ikiwa na kifungu kinachoipa kampuni kila utakachoandika, omba angalau kibali cha kuonyesha sehemu yako unapotafuta kazi, na uombe kwa maandishi. Hata ukishatoa haki za kibiashara, kifungu cha 32 kinakuachia haki ya kutambuliwa kuwa mwandishi. Ila usijichukulie sheria mkononi. Kuingia kwenye seva yao kwa nywila ya zamani baada ya kuondoka ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, na adhabu yake yaweza kufika shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Namba za simu za wapangaji waliomo kwenye mfumo ulioujenga nazo si zako kamwe.

Mzozo ukiwa wa hakimiliki, anza na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Ukiwa wa ujira, nenda kwa afisa wa leba wa kaunti; mahakama ya madai madogo haisikilizi kesi za ajira, ingawa wengi hukimbilia huko. Na mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi kortini, kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.