SOMO LA NYUMBANI: SIKUKUU YA IDI KWA MIKONO YETU



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya miche, palizi, uchumaji na uanikaji. Leo twaomba ruhusa tuingie ukumbini na jikoni, kwani tumeona kwamba fedha za karafuu mara nyingi hutokea mlango huo.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na kwa hiyo Idi huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 au karibu yake. Ikiangukia wakati wa mavuno, kila nyumba ina chochote. Lakini Idi-el-Fitri ya mwaka 2024 ilikuwa mwezi wa Aprili, na ya mwaka 2025 ilikuwa mwisho wa Machi. Huo ni wakati ambapo karafuu zimekwisha uzwa, masika yamefika mlangoni, na fedha za msimu zimekwisha tawanyika. Ndipo mtu anapokwenda kwa mwenye fedha, akamwuzia karafuu zilizo bado juu ya mti, kwa bei aipendayo mnunuzi. Julai ikifika, yeye hugeuka mchumaji katika shamba lake mwenyewe.

Jambo hili si geni katika visiwa vyetu. Madeni ya wenye mikarafuu yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 1934 Serikali ya wakati huo ilitunga sheria ya kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo mikononi mwa wadai. Deni la Idi ni dogo likitazamwa peke yake, ila lina tabia ya kurudi kila mwaka na kumkuta mwenziwe wa mwaka jana hajaondoka.

Hatusemi watu wasifanye sikukuu. Nguo za watoto hapana budi zinunuliwe, na nyama kadhalika. Lakini biskuti za bati, maua ya plastiki, mikeka ya plastiki na keki ya mjini ni vitu ambavyo nyumba yenye watu watano au sita yaweza kuvifanya, au kufanya vizuri kuliko hivyo. Twaandika somo hili mapema makusudi, maana kazi ya kwanza yataka kuanza katika mwezi wa Shaabani.

Kazi hiyo ni ukili. Mabibi wengi walio wanachama wetu waijua kuliko sisi, na hao twawaomba watuvumilie. Maneno haya ni kwa ajili ya watoto wao, ambao wengi hawaijui. Kateni majani machanga ya mkindu, yale ya katikati yasiyofunguka bado. Kila mmea ukatwe jani moja tu, usije ukafa. Yaanikwe juani siku tatu au nne mpaka yageuke meupe, na usiku yaingizwe ndani yasipate umande. Kisha yachanwe kwa ukucha au kwa sindano. Hapa msimwache mtoto afanye haraka, kwa sababu uzuri wote wa ukili hutegemea chane kuwa na upana mmoja. Wakitaka rangi, chane zichemshwe katika maji ya manjano, au katika rangi ya unga inayouzwa dukani. Manjano hufifia upesi juani, lakini kwa kitu kinachokaa ndani haidhuru.

Kabla ya kusuka, chane zirashiwe maji kidogo zisivunjike. Mtoto aanze kwa chane tatu, kama asukavyo nywele, kisha aongeze ziwe tano, na baadaye saba. Chane ikikaribia kwisha, nyingine itiwe juu yake mapema, vidole viwili kabla ya mwisho, ili ukili usiwe na mahali dhaifu. Kwa kitanga cha kuwekea sinia, chenye upana wa shubiri mbili, mtahitaji ukili mwembamba wa upana wa kidole kimoja, urefu wake pima tano hivi. Ukunjwe katikati kwa nguvu, kisha uzungushwe na kushonwa ukingo kwa ukingo. Mtoto akivuta uzi mno, kitanga kitainuka kama kofia. Asikifumue: aendelee kuvuta vivyo hivyo, naye atapata kawa ya kufunikia chakula.

Sababu yetu ya kukaa sana juu ya kitanga si sinia. Jamvi la kuanikia karafuu hushonwa kwa njia hiyo hiyo. Kila msimu twaona karafuu nzuri zimemwagwa juu ya udongo mtupu au pembeni mwa barabara kwa kuwa majamvi yametoboka na hakuna nyumbani ajuaye kuyashona. Karafuu hizo hupata mchanga na taka, na kwenye kituo cha kununulia huteremshwa daraja. Mtoto aliyeshona kitanga kimoja katika Ramadhani aweza kutia kiraka katika jamvi mwezi wa Juni.

Iko pia kazi ndogo kwa wale wasioweza kushika ukili. Katika visiwa vya Maluku, ambako ndiko asili ya mkarafuu, mafundi walitengeneza mifano ya vyombo vya baharini kwa karafuu tupu, pamoja na milingoti, kamba na mabaharia, na baadhi ya vyombo hivyo vimehifadhiwa hata leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Hatutarajii jahazi. Chukueni karafuu kavu ujazo wa kiganja kimoja, zilowekwe katika maji ya uvuguvugu usiku kucha, na asubuhi sindano itapita bila taabu. Mtoto azitunge uzini, akitaka azichanganye na shanga, kisha zikauke kivulini. Utungo huo huwekwa ndani ya sanduku la nguo, au hupewa bibi yake siku ya Idi. Tahadhari moja: mafuta ya karafuu ni kitu kingine kabisa. Ni makali, nayo humdhuru mtoto akiyameza, hata kidogo. Chupa yake ikae juu, wala yasitiwe katika mikate.

Sasa tuje jikoni. Wengi husema hawana tanuri la kuokea. Sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa vidole viwili, iliyowekwa juu ya jiko la makaa, na kifuniko cha bati kilichopaliwa makaa juu yake, ni tanuri la kutosha. Moto wa chini uwe mdogo kuliko wa juu. Mikate mingi inayoungua chini na kubaki mibichi juu huungua kwa sababu mpishi amefanya kinyume.

Mkate wa kumimina hauhitaji hata mchanga. Lowekeni vikombe viwili vya mchele usiku kucha. Asubuhi mwageni maji, mchele usagwe laini pamoja na kikombe kimoja na nusu cha tui zito, kijiko kimoja cha chai cha hamira, iliki sita na karafuu mbili. Wenye mashine ya umeme watumie mashine. Wasionayo watwange mchele kwanza, wauchunge, ndipo watie tui. Funikeni mahali penye joto muda wa saa moja, mpaka uumuke na kutoa mapovu. Hapo ndipo mtie sukari robo tatu ya kikombe, na ute wa yai moja uliopigwa, mkoroge polepole na kuuacha tena robo saa. Sufuria ipakwe samli na kupashwa moto barabara kabla ya kumimina, maana sufuria ya baridi hushika mkate. Ukingo ukianza kuachana na sufuria, palieni makaa juu ya kifuniko mpaka uso uwe wa rangi ya dhahabu.

Tumesema karafuu mbili, nasi twasisitiza mbili. Ni ajabu kwamba sisi wenye karafuu hatuzitii katika mikate yetu, bali hukimbilia iliki peke yake, ambayo wengi wetu huinunua. Tatizo ni kwamba mtu akianza kutia hutia kwa kiganja. Karafuu hutia ganzi ulimini, na ikizidi wageni watadhani wamepewa dawa ya jino. Mbili zilizokauka vizuri, zikatwangwa laini, hukaa nyuma ya iliki na kuupa mkate joto ambalo mlaji hajui limetoka wapi.

Visheti ndivyo vinavyofaa kushindana na biskuti za bati, kwa sababu hukaa siku nyingi vikifungwa vizuri, na kwa hiyo vyaweza kupikwa wiki moja kabla ya mwezi kuandama. Vikombe vitatu vya unga wa ngano visuguliwe kwa vijiko vitatu vya kula vya samli iliyopashwa moto na chumvi kidogo, hata unga ushikamane mkiubana kiganjani. Tieni maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo, karibu kikombe kimoja, mpate donge gumu kiasi. Likae nusu saa. Kisha waiteni watoto wote, hata wanaume: kila mmoja akate vidonge vidogo na kuvibonyeza apendavyo. Hapa hakuna umbo lililo kosa, mradi vyote viwe na unene mmoja. Vikaangwe kwa moto wa wastani. Moto mkali huvipaka rangi nje na kuviacha vibichi ndani. Shira ni kikombe kimoja na nusu cha sukari kwa robo tatu ya kikombe cha maji, pamoja na karafuu tatu nzima na iliki, ichemke mpaka ivutike kama uzi baina ya vidole. Ondoeni karafuu, mimineni shira juu ya visheti, mkavigeuze bila kusimama mpaka sukari igande nyeupe.

Mkate wa mayai hatuuelezi leo, kwani wahitaji mayai sita, na katika Ramadhani mayai yana bei yake. Mwenye kuku wake ajua la kufanya.

Usiku wa kuamkia Idi kusibaki kazi ila mkate wa kumimina na kushona vikuba vya asumini na mrehani. Sahani za majirani zipangwe mapema chini ya zile kawa, moja moja kwa jina la nyumba, ili mtoto atumwe mara baada ya swala. Na chane zilizobaki zisitupwe jaani. Zifungwe mafungu, zitundikwe darini mahali pakavu, na masika yakimalizika majamvi yote yatolewe nje, yapigwe vumbi, na kila tundu litiwe alama ya mkaa kabla ya kazi ya kushona kuanza.