Kunyosha Bodi ya Gari Bila Kupaka Rangi

Likizo iliyopita usukani wa baiskeli yangu uligonga mlango wa gari la mjomba, gari ambalo alitaka kuliuza. Pakabonyea shimo la upana wa kisahani. Mjomba hakunikemea, alinyamaza tu, na huko kunyamaza ndiko kulikonitisha. Mnunuzi akiona mlango mmoja umepakwa rangi upya, huwaza kwamba gari lilipata ajali, na bei hushuka papo hapo.

Fundi aliyetuokoa alianza kwa kupitisha ukucha juu ya rangi. Haikuwa na ufa. Hilo ndilo la kwanza kuangalia. Bati la mlango ni jembamba, halifiki milimita 1, na rangi ya kiwandani, ambayo hukaushwa kwa joto kali, hupinda nalo kidogo bila kupasuka. Rangi ikishapasuka, au bati likikunjika kama karatasi, hapo hakuna ujanja: ni fila, msasa na rangi.

Akafungua ubao wa ndani wa mlango, akapenyeza chuma kirefu chenye ncha butu. Mimi nilidhani atasukuma katikati mara moja, paap! La. Bati likisukumwa kwa nguvu katikati hutanuka na kufanya kinundu upande wa nje, na kinundu ni taabu kuliko shimo. Alianzia pembeni akazunguka kuelekea katikati, kila msukumo mdogo mno hata sikuuona. Yeye aliuonaje? Alisimamisha taa ndefu ya tyubu kando ya mlango, akatazama taswira yake katika rangi. Pale mstari wa taa ulipopinda, ndipo shimo lilipobakia. Vinundu alivigonga polepole kwa kijiti cha plastiki. Kazi ilichukua karibu saa 3.

Mahali ambapo chuma hakifiki kwa nyuma, mafundi hubandika kishikio kwa gundi wakavuta kutoka nje. Bampa ya plastiki ni jambo jingine. Hiyo hulainishwa kwa maji moto ikasukumwa kwa mkono. Lakini wale wanaosema ati umwagie bati maji moto kisha barafu, shimo litatoka lenyewe! Nilijaribu usiku ule ule kwa siri. Shimo lilibaki likinitazama.

Mjomba alipitisha kiganja mlangoni mara mbili, akatafuta, asione kitu.

“Sasa,” akasema, “hiyo baiskeli iwe inalala nyuma ya nyumba.”