Kamba ya Tanzi na Namna ya Kuirusha

Mnamo mwaka 1910 Mmarekani aliyejulikana kwa jina la "Buffalo" Jones alifika Kenya pamoja na wachunga ng'ombe wawili wa kwao. Wakiwa juu ya farasi walikamata kifaru, na hata simba jike, kwa kamba tu. Sisi hatuna haja ya simba. Lakini mfugaji wa Lucky Summer ambaye ndama wake hukimbilia barabarani penye matatu atafaidika na ufundi huo.

Twaa kamba ya katani, unene wa kidole kidogo, urefu wa futi 30. Ilowe maji, ivutwe baina ya miti miwili na kukaukia hapo, maana kamba teketeke hujikunja hewani. Piga fundo nchani, ulikaze sana. Shibiri moja kutoka hapo piga fundo jingine, ulilegeze. Rudisha ncha, uipitishe ndani yake, kisha vuta mpaka fundo la kwanza likwame. Hapo pana kitundu: pitisha humo mwisho wa pili wa kamba, na tanzi liko tayari.

Zungusha tanzi juu ya kichwa kwa kiwiko na kifundo cha mkono, ukaliachie mkono unapoelekea shabaha. Anza kwa kigingi, si kwa mnyama.

Na hili ulishike sana, ndugu msomaji: usijiviringishie kamba mkononi wala kiunoni. Ndama akishtuka, vidole hukatika. Izungushe mara mbili kwenye nguzo imara, avutane nayo. Akikabwa shingo, legeza upesi.