Mtoto wa Nani, Baba Nani, Babu Nani

Mshauri wetu wa makuzi anajibu maswali ya wasomaji wa Ngara na Biharamulo.

Swali (bibi, Nyakahura): Nalea mjukuu wa miezi 10. Mama yake yuko Mwanza, anatafuta maisha. Akija, mtoto analia mpaka nimbebe mgongoni, na binti yangu naye analia. Je, nimemwibia mtoto?

Jibu: Shikamoo bibi. Hujaiba kitu, huo ndio umri wa mtoto kuanza kubagua sura. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuja Uganda, akafuatilia familia 26 za vijiji vya jirani na Kampala, akiwatembelea nyumbani kwao. Aliona mtoto anayetambaa humfanya mlezi wake kituo: anaenda kuchungulia kuku, anageuka kuhakikisha bado upo, kisha anaendelea na safari yake. Kwa sasa kituo ni wewe. Lakini mtoto anaweza kuwa na zaidi ya kimoja.

Binti akifika asimnyang'anye mlangoni. Akae mkekani, mpige soga, mtoto atamsogelea mwenyewe. Na wewe, mbele ya mtoto, usimwite binti yako kwa jina lake. Mwite "mama".

Swali (kijana wa kidato cha 4, Kabanga): Nyumbani tunaongea Kihangaza. Nasoma bweni, mkoa mwingine, na wenzangu wamenibandika jina "Mrundi". Mwanzoni nilicheka nao. Sasa bibi akipiga simu wakiwa karibu, siipokei. Mimi ni nani hasa?

Jibu: Mdogo wangu, aliyelipa swali hilo umaarufu duniani, mwanasaikolojia Erik Erikson, liliwahi kumkaba mwenyewe. Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1902, na hakumjua baba yake mzazi. Alikua akitumia jina la baba wa kambo, Homburger. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 akajipa jina jipya, Erikson. Mwaka 1950 alichapisha kitabu kilichogawa maisha ya binadamu katika hatua 8, na hatua ya ujana akaipa swali lako hilohilo.

Lako lina ardhi chini yake. Bugufi, milima mnakotoka Wahangaza, ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi mpaka Waingereza na Wabelgiji walipogawana koloni la Mjerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana kwa sababu mpaka uliikuta lugha ipo. Kisha ukaja mwaka 1994: watu zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda wakavuka daraja la Rusumo kwa siku moja hivi, na jina la Ngara likasikika redioni kote pamoja na neno "wakimbizi". Wenzako wameokota hilo neno, hawakuokota historia yake.

Ila usichanganye utani na kubandikwa. Mtani naye hutaniwa, akarudisha, mkacheka wote. Ukiona wewe tu ndiye unayechekwa, huo si utani, na una haki ya kusema basi.

Ninapotofautiana kidogo na namna wengi wanavyomfundisha Erikson ni pale wanapofanya kana kwamba swali hili likijibiwa ujanani limekwisha. Mtu wa mpakani huulizwa tena na tena. Ukitimiza miaka 18 utajaza fomu ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na kutaja wazazi wako. Ukienda kuposa utaulizwa ukoo. Bora uzoee kujibu sasa. Bibi akipiga, pokea, ongea naye Kihangaza chako kwa sauti ileile. Wiki ya pili watakuuliza maana ya maneno.

Swali (fundi pikipiki, Lusahunga): Kazi zimekata. Mke wangu ndiye anayelisha nyumba kwa biashara ya mihogo. Naitwa Baba Neema, lakini naona jina limebaki tupu.

Jibu: Kaka, hapo Ngara palikuwa na kambi ya wakimbizi Warundi, Lukole. Mtafiti Simon Turner alifanya utafiti kati yao mwishoni mwa miaka ya 1990, akakuta wanaume wakilalamika kwamba shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa limegeuka mume wa wake zao, maana ndilo lililogawa mahindi, maharage na turubai. Walikuwa na chakula, hawakuwa na nafasi. Kwa hiyo sikudharau.

Lakini Neema hakukupa jina hilo kwa sababu ya unga. Nani anakagua daftari lake? Nani anamfundisha kuziba pancha? Na mihogo haijifikishi sokoni, pikipiki unayo.

Swali (mzee, Rulenge): Rika langu limekwisha. Vijana wananiamkia "shikamoo" huku wanapita.

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Watafiti wa uzee wanasema wazee wengi hupunguza marafiki kwa hiari, wakabaki na wachache wa moyoni. Kwako ni kifo kilichochagua, na pengo hilo halizibwi na salamu ya njiani. Wape vijana sababu ya kusimama. Mibuni yako inahitaji kupogolewa. Mwite mmoja tu, mwonyeshe tawi la kukata na la kuacha. Atauliza nani aliipanda, na hapo mtachelewa kumaliza.